Bosi Anataka Niondoe Kisanduku Chekundu, na Yule Mama Bado Hajui

Shangazi Generosa, shikamoo. Nisaidie, maana hapa Mpanda sina wa kumweleza. Mimi ni binti wa Mpimbwe, nipo kwenye miezi ya majaribio katika shirika linalowatafutia wakimbizi ndugu waliopotezana nao, kazi yangu ni kuingiza majina kwenye kompyuta, unaandika la anayetafuta na la anayetafutwa, unabonyeza, inasema asante, taarifa imepokelewa, na mwingine akija kuuliza unatafuta humo.

Mwezi jana alikuja kijana anaitwa Venant, ametoka kambini Kigoma kwa kibali, anamtafuta dada yake Vénérande, nikatafuta, nikarudia, nikamwambia kaka, hayupo. Akasema, "Basi nimebaki peke yangu." Akanishukuru, akaenda kupanda treni.

Baada yake akafika fundi wetu Antoni kutoka Dar, nilikuwa nimemlalamikia kwamba kuna majina nayaandika siyaoni tena, akaweka kaprogramu kadogo, ukurasa ukishindwa kazi kinatokea kisanduku chekundu chini ya skrini kueleza kosa liko wapi. Akaniambia, "Kikitokea usiogope, soma. Mashine inakuonyesha panapouma."

Juzi akaja mama mmoja wa Mishamo, kwenye makazi ya Warundi, kapakiwa kwenye baiskeli, anauliza habari za mdogo wake, anasema yeye mwenyewe alishaandikishwa hapa na mwenzangu aliyenitangulia, kwa jina la Vénérande. Shangazi, nilimkumbuka yule kijana. Nikaliandika upya kama lilivyo kwenye kadi yake ya zamani iliyomo kabatini mwetu, na zile alama juu ya herufi, nikabonyeza, ikasema asante kama kawaida, lakini chini kikatoka chekundu: herufi haitambuliki, taarifa haikuhifadhiwa. Kumbe siku zote mashine inashukuru huku inatupa, na Warundi wangapi wana majina ya namna hiyo! Nikamuuliza mdogo wako nani, akasema, "Venant. Nilimwacha bado mgongoni kwa mama."

Sijafungua mdomo, nyuma yangu kasimama bosi, Bwana Ponsian. "Tena hilo jekundu? Kabla ya kuwekewa hilo dude mashine ilikuwa nzima. Wewe ndiye unaiharibu. Wafadhili wanakuja, liondoe, la sivyo nitatafuta mtu mwingine." Kwa woga nikamwambia yule mama aje siku nyingine.

Sijakiondoa, lakini silali, nikikiondoa majina yataendelea kupotea, nikikiacha nafukuzwa, na nikimwambia Vénérande kwamba mdogo wake alifika nikamrudisha, halafu ikawa ameshavuka kurudi Burundi kwenye vita, nitamtazama vipi usoni? Nifanyeje?

Hilaria, Mpanda

SHANGAZI GENEROSA ANAJIBU

Marahaba, Hilaria. Pole mwanangu, na pole hii ni ya kweli, lakini kaa nikuseme. Una hofu mbili na umezifunga kwenye kitambaa kimoja. Ya kazi inaweza kungoja gazeti. Ya yule mama haingoji, ndiyo maana, kabla barua yako haijachapwa, nilikupelekea simu ya maandishi: MWAMBIE LEO. Mtu aliyempoteza mdogo wake tangu utotoni unamwambia aje siku nyingine, ili bosi asikununie? Venant ulimjibu ulichokiona, hilo halina lawama. Lakini tangu ulipojua, ukimya ni wako.

Jibu lako nimelipata, na umeniruhusu niwaeleze wasomaji. Ulipanda pikipiki ya katekista hadi Mishamo ukamwambia yote. Hakukutukana. Alikuuliza tu, "Amekonda?" Ukasema amekonda, ni mrefu. Akalia sana, kisha akaanza kuchambua maharage ya kumpelekea. Mkaita kambini kwa redio ya ofisi. Venant alikuwa ameshajiandikisha kurudi Burundi. Aliposikia jina la dada yake akasema hapandi gari lolote. Sasa anangoja kibali kingine cha kuja huko.

Umeona? Ungeningoja mimi hadi gazetini, angekuwa ameondoka.

Sasa tuje kwa Bwana Ponsian. Unaniambia hujamweleza chochote, eti redio uliiomba kwa mambo mengine. Acha ujanja, unakuponza. Kesho asubuhi ingia ofisini kwake na kadi ya yule mama. Usibishane nani kaharibu nini. Mwombe aje kwenye kompyuta aliandike jina hilo kwa mkono wake mwenyewe, abonyeze, na wewe unyamaze mpaka amalize kusoma. Kisha mwambie habari za Venant, tangu alipogeuka pale mlangoni kwenu. Kama ana moyo, hutahitaji kuongeza neno. Kama anaogopa wafadhili, mkumbushe kwamba ndio wanaoweza kumleta Antoni akatengeneze kilichoharibika.

Kisanduku usikiondoe. Akishaona yote hayo na bado akataka kiondoke, akiondoe yeye, na umwambie wazi kwamba Antoni utamwarifu. Mpaka fundi afike, majina ya namna hiyo yaandike bila alama zake, ubonyeze, halafu uyatafute papo hapo uone kama yamo. Na zile kadi za zamani zirudie zote. Humo kuna akina Venant wengine, na nyie ndio mliowaambia hayupo.

Ukifukuzwa, niandikie, tutajua la kufanya. Lakini fanya haraka, binti. Gazeti hili linapandishwa treni wiki hii hii, na Bwana Ponsian anajua kusoma. Asikie kwako kabla hajasikia kwangu.