Jicho la Pili la Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Juni 1974
Kutwa ukutani tena. Ukuta wa duka la kijiji, hapa Masanze. Nachora wanakijiji wakilima shamba la ujamaa, ili mgeni kutoka wilayani auone Ijumaa. Akiupenda, nabaki fundi rangi wa kijiji. Asipoupenda, narudi kukata mkonge. Mkonge siutaki. Hata ndotoni siutaki.

Jumanne, 4 Juni
Nimeshinda Kilosa mjini, dukani kwa Mzee Jivan, naitazama picha yake. Kila ninachojua nimekitoa kwenye picha hiyo. Babu yake aliichora huko India enzi za Waingereza, kwa brashi ya manyoya ya kindi. Mzungu kakaa kitini, watumishi wamemzunguka. Nyuso zote zimechorwa kwa upande, ndio mtindo wao Wahindi. Lakini vivuli vipo, na watu wa mbali ni wadogo, maana Mzungu aliyeagiza alitaka mambo ya kwao. Hata mbwa yuko upande. Naipenda picha ile kupita kiasi.

Jumatano, 5 Juni
Balaa. Mwenyekiti wa kijiji kaja kukagua. Kajiona ukutani, kisha: "Jicho langu lingine umelipeleka wapi?"

Nikamweleza kuwa nimemchora kwa upande. "Mimi si chongo. Weka jicho." Kivuli cha shingoni kakiita uchafu. "Mimi naoga, kijana."

Akaja Bi Tatu, jirani yangu. Kajikuta mdogo kama kidole, kwa sababu nimemweka mbali, mwisho wa shamba. "Mimi nalima kama wao. Ujamaa gani huu?"

Nimekasirika. Ugali umenishinda.

Alhamisi, 6 Juni
Nimetii. Nimemkuza Bi Tatu. Wenzake nao wakadai. Sasa wote wako sawa, na shamba limepotea nyuma ya watu. Shingo ya Mwenyekiti nimeisafisha. Jicho la pili nimeliweka shavuni, jirani na la kwanza. Mahali pengine pa kuliweka hapakuwepo. Karidhika kabisa, kanishika mkono. Naona aibu mimi.

Ijumaa, 7 Juni
Mgeni kafika. Kautazama ukuta, kasogea, karudi nyuma. "Huyu mwenye macho mawili shavu moja ni nani?"

Bi Tatu ndiye aliyeanza kucheka, kisha kijiji kizima. Mgeni hakucheka. Akauliza ni fundi gani aliyeharibu ukuta wa umma.

Mwenyekiti akaja kusimama mbele yangu. "Kosa ni langu, ndugu. Kijana alichora vizuri, mimi nikamlazimisha."

Kayasema hayo mbele ya watu, mkewe akiwepo. Sikutegemea.

Jumatatu, 10 Juni
Sijaenda mkonge. Mgeni kakubali nibaki, nimepewa ukuta wa zahanati. Asubuhi Mwenyekiti kapita. Shikamoo, marahaba, basi. Hakuagiza kitu. Nilitaka kumwomba akae nimchore uso wa mbele, akinitazama. Kuchora uso wa mbele sijui. Nimejaribu mchangani kwa kijiti, nikafuta, nikajaribu tena.