Saini Yako na Sauti ya Mama

Karakana, nyuma ya mashine ya kusaga
Jumatano, 9 Oktoba

Mpendwa mdogo wangu, Profesa wetu,

Salamu kutoka chumba kile kile ulichokiacha, na vumbi la unga likiwa pale pale ulipoliacha. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu, na kwamba kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwenye baridi ya huko kimetulia. Ile sweta unaivaa? Usinijibu kwamba ipo kabatini. Mama anauliza kila siku kama unakula vizuri, na mimi kila siku namjibu ndiyo, bila ushahidi wowote.

Sisi hatujambo. Mama alipatwa na mafua makali mwezi uliopita, sauti ikamkauka kabisa, lakini sasa amepona na ananikaripia kama kawaida. Fundi Spana yupo, tumbo limeongezeka, nywele zimepungua. Mashine ya marehemu baba inasaga.

Unajua vizuri kwa nini naandika badala ya kupiga simu. Ulinikatia, Profesa. Mimi dada yako, niliyekubeba mgongoni mpaka miguu yako ikawa inaburuta chini, ukanikatia simu sijamaliza hata kueleza. Nilivimba siku mbili. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, kwa hiyo kaa chini, nisome mpaka mwisho, halafu ukasirike ukipenda.

Naanza na yale mafua, maana kila kitu kilianzia hapo. Wiki ile mama alipokosa sauti, kiboksi chetu, kile cha kusikiliza mashine na kutuonya beringi ikianza kuharibika, kiliwasha taa nyekundu asubuhi na kikashinda hivyo. Spana akafungua mashine, akatoa beringi, akaipangusa, akaizungusha kidoleni. Nzima. Akafunga. Nyekundu. Kesho yake akafungua tena, safari hii akitoa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwenye barua ya heshima. Nikadhani ni waya. Nikadhani ni panya. Nikabadilisha maikrofoni na betri, na bado kile kidude kikanikodolea jicho jekundu kama kinanidai.

Ijumaa mama akaja, amejifunga shuka mabegani, akakaa kwenye kigoda chake kando ya mdomo wa mashine anapopokelea nafaka za wateja. Sauti ilikuwa imeanza kurudi. Akaanza kuimba ule wimbo wake usio na maneno, unaoujua tangu utotoni. Hakufika hata katikati, taa ikawa kijani.

Nilisimama pale kama niliyemwagiwa maji ya baridi. Nikaingia ndani, nikavaa visikilizio, nikasikiliza rekodi zetu zote, zile tulizotumia kukifundisha kiboksi kutofautisha beringi nzima na ile inayokaribia kuvunjika. Kwenye rekodi za mashine nzima, mama yumo. Yumo nyuma kabisa, chini ya mngurumo, anaimba. Kwenye rekodi za mashine mbovu, hayumo hata katika moja.

Unakumbuka kwa nini? Kila tulipomwambia Spana atie beringi iliyochakaa ili turekodi, mama alinyanyuka akatoka. "Mnaitesa mashine ya baba yenu," alikuwa anasema, kisha anakwenda kukaa kwenye benchi la nje, mikono kifuani, mpaka tumalize. Mimi na wewe tulikuwa tunacheka. Kiboksi kilikuwa kinajifunza. Kilijifunza kwamba mama akiimba mambo ni shwari, na akinyamaza kuna balaa. Mashine yenyewe hakijawahi kuisikiliza hata siku moja.

Ningecheka mpaka nikae chini, ndugu yangu, kama wakaguzi wa mfuko wa utafiti wasingekuwa wanakuja Jumatatu iliyofuata. Ile ruzuku ya kwanza ya utafiti serikali ilitupa kwa kuamini wazo letu. Ya pili, hawatoi mpaka waje waone kwa macho yao kwamba wazo linafanya kazi kama ripoti yetu ilivyosema. Na wewe unajua ya pili ndiyo imebeba kila kitu. Bila hiyo karakana inafungwa mwisho wa mwaka, Spana anakwenda kutafuta kibarua na goti lake lile, na mimi narudi kupima unga kwa wateja huku nikijifanya sikuwahi kuota ndoto kubwa kuliko debe.

Ndipo nilipokupigia, na wewe ukanijibu maneno matatu: usiguse ile ripoti. Kisha ukakata. Nimeyatafuna maneno hayo tangu siku ile. Naelewa kwamba ripoti ile ndiyo iliyokufungulia mlango wa maabara unayofanyia kazi sasa, na kwamba jina lako ndilo la kwanza. Langu ni la pili, kwa hiyo labda uliona mimi nitachafuka nusu tu.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumatatu hiyo, maana tangu uliponikatia sijakupigia tena.

Spana, ambaye siri haikai kwake hata kwa kufungwa kamba, alikuwa ameshamwambia mama. Wakapanga wao wawili. Mashine ikiwa nzima, mama aimbe. Ikitiwa beringi mbovu, atoke nje kama desturi yake. Nilipofika asubuhi nikamkuta mama amevaa gauni lake la harusini, tena amejipaka mafuta, amekaa kwenye kigoda. "Leo nafanya kazi ya serikali," akaniambia. Nilitaka kusema hapana. Badala yake nikaenda kuinjika chai ya wageni. Siku zote nimejiona mtu mkweli, na pale nikagundua nilikuwa sijawahi kuulizwa bei ya ukweli huo.

Wakaja wawili. Mmoja mwanamke mhandisi, mpole, macho yake hayatulii mahali. Mwingine bwana mwembamba ambaye kazi yake ni kuangalia kama kila kitu kimefuata kanuni. Spana alimpachika jina la Bwana Faili hata kabla hajashuka garini. Tukawasha mashine. Mama akaimba. Kijani. Tukazima, wageni wakanywa chai, Spana akabadilisha beringi. Tukawasha tena. Mama akajikongoja kwenda nje, mkono kiunoni, akiigiza mgonjwa kupita kiasi. Nyekundu. Mhandisi akapiga makofi. Bwana Faili akatoa kalamu. Moyo wangu ulikuwa unapiga kwa nguvu hadi nikahisi kiboksi kitausikia.

Kisha mhandisi, kwa wema wake tu, akamwita mama arudi ndani wapige naye picha. Spana alikuwa bado hajazima. Mama akaingia, akawekwa katikati ya wageni, wote watatu wameipa mashine mgongo, wanaangalia simu iliyoshikwa na dereva wao. Na mama, unamjua, akiwa na furaha au akiwa na woga hufanya kitu kimoja. Akaanza kuimba kidogo kidogo, kwa puani. Mashine ina beringi iliyokwisha kabisa, inakwaruza mpaka meno yanauma, na nyuma ya migongo yao taa ikawa kijani.

Wageni hawakuona. Aliyeona ni mimi na Spana. Spana akanikazia macho, akatikisa kichwa taratibu: nyamaza, dada. Dereva akasema kila mtu atabasamu.

Profesa, ningeweza kunyamaza. Nakuandikia hili ujue kwamba niliweza kabisa, na nilitaka, na jina lako lilipita kichwani mwangu wakati ule, pamoja na goti la Spana na kodi ya karakana. Lakini nikafikiria vile viboksi vikishatengenezwa na kufungwa kwenye mashine za watu wengine. Watu hao hawana mama yetu. Vitawaka nyekundu kila siku mpaka watu wavizoee, kisha siku moja beringi inavunjika kweli, mkanda unakatika, na mtu amesimama karibu. Nikasema, "Samahani, jamani. Hebu geukeni muitazame taa. Mama, endelea kuimba." Kisha nikasema, "Mama, sasa nyamaza." Taa ikabadilika mbele ya macho yao, kijani, nyekundu, kijani, mpaka mama mwenyewe akaelewa, akaziba mdomo kwa mkono.

Nikaeleza yote. Rekodi, benchi, mafua. Spana alitoka nje akapiga teke ndoo, tukaisikia ikiviringika. Bwana Faili alisema hizo ni fedha za umma na kuna neno la kisheria kwa ripoti ya namna ile. Mhandisi ndiye aliyevuta kigoda akaniuliza maswali, mengi, mpaka nikaona anaandika. Mwishoni akasema mfuko unalipia utafiti, na kugundua kwamba ulikosea ni utafiti pia, ilimradi usilifiche kosa. Akasema tukiirekebisha ripoti, tukaeleza kosa na namna tulivyoligundua, yeye atatutetea tuombe upya. Bwana Faili akaweka masharti. Ripoti ina waandishi wawili, hivyo marekebisho yawe na saini mbili, za wino, zote ziwe mezani kwake kabla ya mwisho wa mwezi huu. Ikikosekana moja anafunga faili, na ripoti ya zamani anaipeleka kwa wanasheria wao kama ilivyo.

Karatasi hizo zimo ndani ya bahasha hii. Yangu nimeshasaini. Utaona, herufi ya mwisho imekwenda kombo.

Sitakudanganya kwamba haitakuuma. Mkuu wako atauliza. Wenzako wa maabara labda watakutania, mvulana aliyefundisha mashine kumsikiliza mama yake. Hata mimi naogopa kwa ajili yako, na hasira zangu zote hazijaweza kuiondoa hofu hiyo. Lakini ukimwambia mkuu wako wewe mwenyewe ni jambo moja. Akiambiwa na mwanasheria ni jambo jingine kabisa.

Kuna kingine kilichonikata maini zaidi ya hayo. Mama aliacha kuimba. Baada ya wageni kuondoka aliniuliza, "Kwa hiyo mimi ndiye niliyewaharibia?" Nikamwambia hapana, kosa ni la sisi tuliosoma. Hakusadiki. Akawa anakaa kwenye kigoda amefunga mdomo, anapokea nafaka, anarudisha unga, kimya. Wateja wakadhani tumefiwa. Tangu tulipomzika baba sijawahi kuisikia mashine ile ikinguruma mama akiwepo bila kuimba, na sikujua jinsi ngurumo yake ilivyo mbaya.

Ikabidi nimbembeleze. Nikamweleza kwamba ili kiboksi kijifunze vizuri, tunahitaji rekodi upya, za mashine nzima na mbovu, yeye akiimba na yeye akinyamaza, zote zichanganyike. Maana yake lazima aimbe huku mashine inateswa. Akakataa. Akasema nimwombe kingine. Siku tatu alikataa. Siku ya nne Spana alipotia beringi mbovu, mama akanyanyuka kama kawaida yake kwenda kwenye benchi, akafika mlangoni, akasimama. Akarudi. Akakaa, akashika ubao wa mashine kwa mkono mmoja kama anayemshika mgonjwa, akaanza kuimba. Sauti ilikatika mara mbili. Machozi yalikuwa yanamchuruzika juu ya vumbi la unga, na hakuacha. Spana akageukia ukutani akajifanya anatafuta spana, nayo ameishika mkononi.

Tumerekodi hivyo wiki nzima. Nimekifundisha kiboksi upya, peke yangu, kwa zile hatua ulizoniachia, nikikulaani na kukushukuru kila mstari. Jana tukakijaribu. Beringi mbovu, mama anaimba kwa sauti yake yote. Taa ilikuwa nyekundu, na ikabaki nyekundu. Bado kinakosea mara nyingine, sitapiga chuku, na yote hayo nimeyaandika kwenye marekebisho. Ila sasa kinaisikiliza mashine, mdogo wangu. Mama alipiga kigelegele mpaka mteja akaangusha gunia.

Nisalimie wifi yangu sana, mwambie namtegemea akusomee barua hii mara ya pili kama mara ya kwanza utaikunja. Shangazi anakusalimu, anasema umemsahau. Spana anakusalimu pia, na anasema hajanisamehe mimi bado, lakini wewe amekusamehe, sijui kwa mantiki gani. Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe afya, na akupe moyo mpana wakati unapouhitaji.

Mama nilimwacha mwisho makusudi. Jana, baada ya kigelegele, aliniuliza kama zile karatasi za saini zimeshakufikia, akidhani nilizituma zamani. Kabla sijafungua mdomo akajijibu mwenyewe: "Ameshasaini huyo. Mwanangu namjua." Kisha akarudi kuimba. Hajui kuhusu ile simu, Profesa. Sikumwambia, na sitaki nije kumwambia.

Nakupenda hata nikiwa nimekununia,
Dada yako

Kalamu ya wino nimeitia ndani ya bahasha, usije ukasema hukuwa nayo.