Pasipoti Kwenye Debe la Mtama

Mama Witness,

Yule mbuzi mwenye mimba asiende malishoni leo, mguu bado haujapona. Alizeti ya uani iingizwe ndani mawingu yakikusanyika.

Nimekwenda Malawi na wenzangu kumi na mmoja wa kikundi chetu cha alizeti, tukaone wakulima wa huko wanavyokamua mafuta wenyewe. Habari za kimbunga cha huko nimezisikia redioni kama wewe.

Mwaka 2009 nilipokwenda Singida kugomea mizani ya wanunuzi wa alizeti iliyotupunja, nilitoka humu ndani kama mgeni. Hata "usiende" sikuambiwa. Sijasahau.

Leo asubuhi nimetafuta pasipoti, haipo. Nikafoka, nikamwita Witness mwizi, naye kaenda kisimani analia. Kumbe iko kwenye debe la mtama, imeviringishwa kwenye kanga yako! Na wewe ulishakwenda shamba bila kuniaga.

Witness, mwanangu, nisamehe.

Mama Witness, ~~usirudie tena mchezo huo~~ ungesema kwa mdomo, huenda nisingekwenda. Sasa gari linapiga honi.

Debe nimelifunika vizuri, panya wasiingie. Kanga usiitafute. Nimeondoka nayo.

Baba Witness