Jina la Twyla kwenye Karatasi ya Mzee Estill

Bull Creek, Kentucky
14 Oktoba

Mpendwa kaka Arlis,

Salamu nyingi kutoka huku milimani. Kifua chako kinaendeleaje na baridi hiyo ya Alaska? Sisi tu wazima, ila goti langu hulalamika kila mvua ikikaribia.

Nakuandikia kwa sababu nimejaa fahari, na mume wangu amechoka kunisikiliza.

Unamkumbuka jirani yetu Mzee Estill, yule mchimba makaa. Alivunjika nyonga, akapelekwa kufanya mazoezi ya kutembea kwenye kituo cha kuuguzia wazee anakofanya kazi binti yangu Twyla. Wiki iliyopita bima ikataka kuacha kulipa, na mzee alikuwa hajaweza kupanda hata ngazi moja. Nawe unazijua ngazi za nyumba yake, na anaishi peke yake.

Twyla ndiye aliyempelekea ilani ya bima ya kusimamisha malipo, aitie sahihi. Mzee akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Sisaini! Baba yangu alisaini, mlima ukaenda. Babu wa mama yako naye vilevile!"

Ni kweli, kaka. Babu aliweka alama ya X kwenye karatasi ya kampuni asiyoweza kuisoma, na makaa yote ya chini ya shamba letu yakawa yao, wakaubomoa mlima kuyachimba.

Msimamizi akamwambia Twyla amsainie tu mzee, yaishe. Mwanangu akakataa katakata. Akarudi kwa mzee, akamsomea ilani neno kwa neno.

"Usisaini, mzee wangu, hakuna wa kukulazimisha. Lakini ukidhani kukataa kunawazuia, umejidanganya. Sahihi ni ya kuonyesha umeipata tu. Cha kuwazuia ni simu ya rufaa, kabla ya saa sita mchana kesho."

"Siongei na watu wa bima mimi."

"Hawa si wa bima, ni waamuzi. Na kwa mdomo wako huo, nani atakuweza?"

Mahali pa sahihi Twyla akaandika kwamba mgonjwa amekataa, akaweka tarehe na jina lake mwenyewe, akamwachia nakala. Asubuhi mzee akapiga simu, akawaeleza ngazi zake moja baada ya nyingine. Rufaa ikakubaliwa, mazoezi yakaendelea.

Jana mzee alirudi kwake. Alizipanda ngazi mwenyewe, huku akimfokea Twyla asimshike. Nikampelekea maharage na mkate wa mahindi, akasema havina chumvi.

Nakala ile ameibandika ukutani. Nimeisoma nikalia, kaka. Babu aliandika X, mlima ukaenda. Kitukuu wake ameandika jina lake zima, na mzee amelala kitandani mwake, nyumbani.

Nisalimie wifi Junia na mwanao Dorsey. Mungu awape moto wa kutosha na kuni zisizoisha.

Wako akupendaye daima,
Dada yako Verlie