Kitanda cha Katikati

Goshen, Indiana
9 Juni 1996

Dessa mwanangu,

Hujambo huko mnarani kwako? Umeshaona moto wa msitu, au unalinda mawingu tu? Sisi wazima. Moyo wa mama yako unamsumbua akipanda ngazi, ila mdomo haujapungua kasi.

Leo tumeshinda tena uwanjani kwa Lyle muuzaji, tukichagua karavani ya kuvutwa na pikapu yetu. Unajua desturi: hununui mpaka uvue viatu ulale kitandani, usimame bafuni, ukae chooni na mlango ufungwe. Nilikaa, magoti yakagonga mlango. Mama yako akauliza kutoka jikoni kama nimehamia humo. Mimi nataka ile ndefu. Tangu hujazaliwa nimefunga madirisha ya karavani za watu kiwandani, sijawahi kulala hata katika moja. Yeye ana sharti moja tu: kitanda kikae katikati ya chumba, kila mtu ashukie upande wake. Anasema kwenye kihema chetu cha zamani alilala ukutani, akawa ananiruka kila usiku kwenda kukojoa, na hakustaafu ili aanze tena.

Safari ya kwanza ni kwako, Agosti. Baada ya hapo tunalifuata jua.

Baba yako

Dessa, akinunua ile ndefu itabidi tukodi mtu wa kupiga rivasi. Kula vizuri. Nakuja. Mama


Mlima Sorrel, Montana
23 Juni

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Mimi mzima, na mbu wazima kuliko mimi. Barua zenu zinanifikia mzee Tolliver akipandisha nyumbu wake wa mizigo na chakula changu, kwa hiyo nikichelewa kujibu msinune.

Baba, nimesoma kila kitabu cha karavani nilichopata, sikiliza. Uzito anaokutajia Lyle ni wa karavani tupu! Hajaweka maji, gesi, masufuria, wala viatu vya Mama. Pikapu yako itavuta, sawa, lakini kwenye mteremko wa huku nani atakusimamisha? Chukua fupi. Fupi zenye kitanda cha katikati zipo, Mama asikubali cha ukutani.

Nimewanunulia ramani ya majimbo ya kubandika mlangoni mwa karavani, mtaikuta humu na picha za kila jimbo. Jimbo unalibandika ukishalala humo, kupita tu hakuhesabiki. Msidanganye.

Na Mama, usiogope kupanda. Tolliver amekuwekea nyumbu mpole, anaitwa Biskuti. Huo moyo lakini, nishuke? Likitokea jambo, waambieni ofisi ya misitu waniite kwa redio.

Binti yenu


Goshen
7 Julai

Dessa,

Salamu nyingi. Umeshinda, tumeagiza fupi. Mama yako alijilaza kujaribu kitanda, akapitiwa na usingizi kweli. Lyle akatundika kibao cha "imeshauzwa" mlangoni ili wateja wasimwamshe. Alipoamka alisema tu, "Ni hii." Kumbe ile ina mwenyewe kweli, kwa hiyo yetu itatoka kiwandani mwanzoni mwa Agosti.

Daktari kambadilishia dawa. Mama yako anachoka upesi.

Baba yako

Usishuke. Nataka nikukute huko huko juu, unionyeshe hiyo milima unayoiringia. Mwambie Biskuti ajiandae, nimenenepa. Mama


Mlima Sorrel
5 Agosti

Baba, Mama,

Hamjambo? Mbona kimya? Tolliver kapanda mara mbili bila barua yenu. Karavani imefika? Mama anaendeleaje? Nimemsugua Biskuti mpaka anang'aa.

Dessa wenu


Mitchell, South Dakota
14 Agosti

Dessa mwanangu,

Habari za siku nyingi? Mimi nipo. Niko njiani kuja kwako.

Ile karavani sikuichukua. Nilichukua nyingine, ndogo zaidi, ilikuwepo pale uwanjani. Kitanda kiko pembeni, kimeegemea ukuta. Kinatosha. Jana nilihangaika sana kupiga rivasi, hakuna wa kusimama nyuma aniongoze, nikagonga meza ya watu. Walinisamehe, wakanipa mahindi.

Ramani ninayo, sijabandika kitu.

Ukiandika, Tolliver aache barua posta ya huko chini. Nitaipitia.

Baba yako


Mlima Sorrel
19 Agosti

Baba,

Kitanda kimeegemea ukuta.

Nimetafuta mstari wa Mama chini ya barua yako, nikageuza karatasi, nikachungulia mpaka ndani ya bahasha. Mama yuko wapi? Nilisema redio, Baba. Nilisema waniite.

Dessa


Chini ya mlima
22 Agosti

Mwanangu,

Mama yako alifariki tarehe 29 Julai, usingizini, upande wake wa kitanda. Tulimzika Goshen, karibu na bibi yako.

Nilipiga simu ofisi ya misitu. Kijana wa pale akanieleza kwamba redio yako inasikika kwenye minara yote. Nikaona watu wasiomjua watasikia, na wewe utalia wanakusikiliza. Tena mama yako alikuwa ameshaniambia, "Usimshushe Dessa, nipeleke." Nikasema basi nitakuja kukwambia kwa mdomo. Halafu njiani nikaandika barua ya karavani, kwa sababu hiyo niliiweza. Nimekunyima kumzika mama yako. Ukinikasirikia ni haki yako.

Ile yetu ilifika. Lyle akanifungulia, nikaangalia kile kitanda, upande wake umetandikwa. Sikuweza. Nikachukua ya ukutani, nikidhani humo hamna nafasi yake. Lakini nimerudia kulala ukingoni kama kwenye kihema. Ukuta nimemwachia. Usiku nikishtuka nakunja miguu apite.

Nipo hapa chini. Sipandi mpaka uniite.

Baba yako


Mlima Sorrel
23 Agosti

Baba,

Hasira ninayo, utaikuta. Tolliver anakuletea Biskuti. Panda.

Dessa wako