Daftari la Hadassa Lililofutwa

Wasomaji wangu, kabla ya barua, sikieni bahati yangu. Mimi Cikuru wa South End, Louisville, mtu wa Bukavu, Kigoma na Nairobi, nimekimbia vita mara mbili na bado nikaingia Amerika na diploma zangu tatu bila kona hata moja kulowa. Ziko ukutani juu ya televisheni, wageni wanazisoma wakingoja chai. Bon, barua ni hii.

Papa Cikuru mpendwa, nishike mkono, mimi ni mama Hadassa wa Hilliard, mwaka mzima nimemfundisha binti yangu nyumbani kwa sababu shuleni walimcheka mpaka akaacha kusema, asubuhi tunasoma, mchana naenda kazini kwenye ghala, na kule kwenye kambi ya wakimbizi tulikotoka daftari lilikuwa moja, likijaa tunafuta tunaanza upya, donc na hapa nikafanya vilevile, kila Ijumaa Hadassa anafuta, anapuliza vumbi la kifutio mezani, tunacheka, sasa mume wangu amepata kazi Buffalo, tunahamia huko mwezi wa nane, na shule ya huko inataka kuona kazi zake za mwaka, bila hivyo mtoto wa darasa la sita wanamrudisha la nne, nami nina daftari moja jeupe, shemeji yangu Nkusi anasema nunua matano, mtoto ayajaze, muweke tarehe za mwaka jana, nani atajua, na Hadassa naye ananiuliza, "Mama, nikifuta, na ninachojua kinafutika?" nimwambie nini, nifanye nini?

Mama Hadassa, pole sana, halafu nikugombeze. Simu yako imejaa picha za harusi za watu, ya hesabu za mtoto hata moja hamna?

Lakini swali la huyo binti limeninyima raha. Nimechukua karatasi, nikaandika jina langu kwa penseli, nikalifuta, nikaiinamisha dirishani. Cikuru bado yupo, penseli imeacha alama! Jaribu na daftari lenu, muone wenyewe. Ila usiende Buffalo kumwambia mwalimu mkuu ainamishe karatasi tupu, atakuita mchawi.

Nkusi mwambie nimekataa. Unataka somo la mwisho ulilompa mtoto liwe kudanganya? Iombe shule impe mtihani, aketi mwenyewe, waone anachojua, na darasa la nne usilikubali kabla ya hapo. Andika ukurasa mmoja wa kweli: vitabu gani mlisoma, saa ngapi kwa siku, na kwamba mlifuta, na kwa nini. Ambatanisha barua ambayo ofisi ya elimu ya huko kwenu humpa mzazi anayefundisha nyumbani. Leo hii Hadassa aanze daftari jipya, kwa tarehe ya leo, kwa kalamu ya wino. Kifutio tupa.

Naye Hadassa mwambie hapana, anachojua hakifutiki, lakini watu wasiokujua wanaomba karatasi.

Haya, nimekukataza uongo, basi nami nitoe wangu. Zile diploma tatu sina. Niliishia darasa la tano, na juu ya televisheni yangu kuna kalenda tu.