Rupia Nilizozisugua

Jumanne, 1 Novemba 1955. Iyunga

Nimeamka saa kumi na moja. Sala. Uji. Nimesahihisha tangazo la kanisa: makosa manne katika mistari sita. Inachukiza.

Mchana, barua ya dada Rahel kutoka Kalenga. Nyasi za paa lake zimeoza na mvua imekaribia. Anataka tuuze rupia za Kijerumani alizotuachia baba, apate bati. Nimekubali. Tangu nistaafu ualimu sina uwezo wa kumnunulia. Naona aibu.

Alhamisi, 3 Novemba. Kalenga

Basi siku nzima. Vumbi mpaka masikioni.

Dada ananizidi miaka sita na bado anabeba kuni. Juu ya kitanda chake anga inaonekana. Kopo la baba lipo: sarafu kumi na tisa za rupia moja, na moja nene, ya rupia mbili. Zote nyeusi kama masizi.

Ijumaa, 4 Novemba

Yuko Mgiriki mjini, mkulima wa tumbaku, anayenunua sarafu za kale. Tutamwendea Jumatatu.

Nimezisugua kwa majivu na limao, kama tulivyosugua vyombo vya bweni. Zinang'aa. Sikulelewa kumpelekea mtu kitu kichafu.

Dada amekataa kunipa ile nene. "Hiyo baba aliishika kila siku. Jasho lake limo. Huioshi." Nimemwita mkaidi na mchafu, jirani akisikia.

Jumatatu, 7 Novemba

Tumemkuta Mgiriki mjini, mtaa wa Mlandege, penye duka la magunia. Alizitazama sarafu, akanitazama mimi.

"Mzee, nani naosha hii?"

"Mimi."

"Wewe naua yeye!"

Kiswahili chake kibovu kabisa. Hoja yake ilikuwa sahihi. Weusi ule ndio umri wa sarafu, na wakusanyaji hulipia umri. Ukisuguliwa, hubaki madini ya fedha tu, ya kupimwa kwenye mizani, sawa na bangili iliyovunjika.

Dada akafungua fundo la khanga yake, akatoa ile nene. Mgiriki akavua kofia. Sarafu za namna hiyo zilitengenezwa chache. Bei aliyotaja kwa hiyo moja yatosha bati za nyumba nzima. Zangu kumi na tisa hazitoshi hata bati za jikoni.

Dada akalifunga fundo. "Leo siuzi."

Nimesomesha watu miaka thelathini, na sikuuliza swali moja kabla ya kusugua. Kosa ni langu.

Jumanne, 8 Novemba

Dada amenicheka tangu asubuhi. "Mwalimu, na mimi unisugue, unipeleke kwenye mizani?" Jirani alipopita akamsalimu kwa Kihehe: "Kamwene! Njoo umwone mdogo wangu, muua rupia." Nimeumia.

Jioni hakucheka. Alikaa kizingitini, ile sarafu kiganjani. Mawingu mazito upande wa mto. Hawezi kuwa na paa na sarafu, vyote viwili. Nilitaka kumshauri. Sina tena haki hiyo.

Alhamisi, 10 Novemba

Ameamua mwenyewe, akichambua mboga. "Baba angekuwepo, angeniacha nilale majini?" Tumekwenda mjini, ameiuza. Aliibusu kwanza. Mgiriki alingoja, kofia mkononi.

Zile kumi na tisa amekataa kuziuza kwa uzito. Amezigawa: kumi zake, tisa zangu. "Zako uende nazo Iyunga, uwe unajitazamia uso."

Jumatano, 16 Novemba

Fundi ameanza. Kazi yake si mbaya. Bati la tatu lilikuwa upande, nimemrudisha juu. Dada anasema nimemchosha fundi kuliko jua. Nala vizuri. Nalala vizuri.

Jumapili, 27 Novemba

Mvua ya kwanza, baada ya ibada. Kubwa. Kitanda cha dada kikavu, mahindi yake makavu, ukuta mkavu. Tulikaa sebuleni. Kelele za bati zilikuwa nyingi mno.

Nikamwambia kwamba nilikosea kumwita mkaidi na mchafu.

"Unasemaje?"

Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi. Akaweka mkono sikioni. Nikasimama, nikasema mara ya tatu kama niko mbele ya darasa.

"Nilisikia tangu mara ya kwanza," akasema, akanimiminia chai.

Imenyesha mpaka saa kumi na moja. Kesho narudi Iyunga.